Sabuni Inayoyeyuka Kisahanini: Je, Asidi Steariki Ndiyo Dawa?

Vikundi vingi vya akina mama, mijini na vijijini, vimekwisha kujaribu kutengeneza sabuni ili kuongeza kipato cha nyumba. Kazi hii haihitaji mashine kubwa, na mahitaji yake hayako mbali nasi. Mawese hutoka Kigoma, nazi hutoka Tanga na Pwani, alizeti hutoka Singida na Dodoma, na kostiki soda huuzwa madukani. Hata hivyo lipo lalamiko moja ambalo wateja hulirudia: sabuni inanukia vizuri na povu inatoa, lakini haikai. Baada ya siku chache imekuwa uji katika kisahani cha bafuni.

Mteja aliyenunua sabuni ya namna hiyo mara moja, mara ya pili hurudi kwenye sabuni ya kiwandani. Naye mama aliyetoa fedha ya matumizi ya nyumbani akanunua mafuta na kostiki, hubaki na miche isiyouzika. Ndipo anapopewa shauri na wenzake: "Tia asidi steariki, sabuni yako itakuwa ngumu kama jiwe."

Shauri hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Asidi steariki ikitiwa bila hesabu, huweza kuifanya sabuni iwe laini zaidi na ya mafutamafuta. Tena wako wanaoinunua kwa fedha nyingi wakati asidi hiyohiyo tayari wanayo, imejificha ndani ya mafuta ya kawaida. Kwa hiyo, kabla hujafungua mkoba wako, yafaa uelewe kitu hiki ni nini na kinafanya kazi gani.

ASIDI STEARIKI NI NINI?

Usitishwe na neno asidi. Hii si ile asidi ya betri inayounguza. Ni kitu cheupe, kikavu, kama nta iliyokatwakatwa vipande vidogo au kusagwa, nacho huuzwa hasa kwa watengenezaji wa mishumaa na wa krimu. Ikiwa safi kabisa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 69 hivi. Ile ya dukani mara nyingi imechanganyika na nduguye aitwaye asidi palmitiki, nayo huyeyuka mapema kidogo.

Aliyeichambua na kuieleza ni mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa mwaka 1786. Alichunguza mafuta ya wanyama kwa miaka mingi, na mwaka 1823 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mafuta yameundwa na asidi mbalimbali zilizofungwa pamoja na glisirini. Jina steariki lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shahamu, yaani mafuta magumu ya mnyama. Jina lenyewe basi latuonyesha mahali pa kuitafuta.

Kostiki inapokutana na mafuta huifungua ile kamba ya glisirini, kisha hushikamana na asidi moja moja. Mshikamano huo ndio sabuni. Tabia ya sabuni hutegemea ni asidi zipi zilikuwamo katika mafuta uliyotumia.

KUWA NGUMU NA KUDUMU NI MAMBO MAWILI

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Sabuni ya mafuta ya nazi matupu huwa ngumu sana, hata kuikata ni shida ukichelewa. Lakini huyeyuka upesi majini, kwa sababu karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi lauriki, ambayo sabuni yake hupenda maji mno. Ndiyo maana sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, na mabaharia waliipenda tangu zamani. Ubaya wake ni kwamba ikizidi hukausha ngozi.

Sabuni inayotokana na asidi steariki na palmitiki haina haraka ya kuyeyuka. Hukaa. Povu lake ni dogo, zito, laini kama krimu, wala halipotei mara moja. Kwa sababu hiyo sabuni za kunyolea ndevu hutengenezwa kwa asidi steariki nyingi.

Alizeti nayo ina asidi steariki kidogo tu, na sehemu yake kubwa ni asidi zinazofanya sabuni laini. Mama anayetumia alizeti nyingi kwa sababu ni rahisi kupatikana, huyo ndiye ambaye sabuni yake huwa uji bafuni.

KWA NINI UJI HUSHIKANA GHAFLA?

Katika njia ya baridi, yaani ile isiyopika sabuni jikoni, kostiki hufanya kazi polepole. Kwanza lazima ifungue glisirini, nawe unapata muda wa kukoroga, kutia rangi na manukato, na kumimina. Lakini asidi steariki ya dukani iko huru, haikufungwa na glisirini. Kostiki ikiikuta, huwa sabuni papo hapo. Uji wako uliokuwa mwepesi huweza kugeuka ugali mbele ya macho yako.

Tatizo la pili ni joto. Ukichanganya mafuta yaliyopoa, asidi huganda tena kabla kostiki haijaifikia. Matokeo yake ni madoa meupe kama punje za nta ndani ya sabuni. Hivyo anayetumia asidi hii hana budi kufanya mambo matatu: atie kidogo, atie ikiwa imeyeyuka kabisa, na afanye kazi mafuta yakiwa na joto la nyuzi 55 hadi 60.

Kidogo ni kiasi gani? Gramu 5 hadi 20 kwa kila kilo moja ya mafuta zatosha. Ikizidi sana, sabuni hupasuka inapokatwa, nayo hukataa kutoa povu katika maji ya baridi.

HESABU AMBAYO WENGI HUISAHAU

Kila aina ya mafuta hutaka kiasi chake cha kostiki. Kwa gramu moja ya mafuta, kostiki inayotakiwa ni hii:

Mafuta ya nazi: gramu 0.183
Mawese: gramu 0.141
Shahamu ya ng'ombe: gramu 0.140
Alizeti: gramu 0.134
Asidi steariki: gramu 0.141

Unazidisha uzito wa kila mafuta kwa namba yake, unajumlisha, kisha unapunguza sehemu 5 katika kila 100. Punguzo hilo huacha mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni, nayo hulinda ngozi.

Sasa tazama kosa linaloharibu kazi. Mama ana kilo moja ya mafuta na kostiki gramu 141, hesabu yake ni sawa. Anaambiwa aongeze asidi steariki gramu 50, naye anaitia bila kugusa kostiki. Asidi hiyo huwahi kunyakua gramu 7 za kostiki. Mafuta yasiyogeuka sabuni yanapanda kutoka sehemu 5 hadi karibu 10 katika kila 100. Sabuni inakuwa ya kuteleza, yenye povu hafifu, tena mafuta ya alizeti yaliyobaki hunuka uvundo mapema. Mama alinunua dawa ya ugumu, akapata ugonjwa mwingine. Kwa hiyo asidi steariki huhesabiwa kama mafuta mengine yoyote. Ukiongeza gramu 20 za asidi, punguza gramu 20 za alizeti, kisha piga hesabu upya.

Kosa lingine ni kupima kwa lita. Lita moja ya mafuta haina uzito wa kilo moja, ina gramu 920 hivi. Anayechukua lita kuwa ni kilo huwa na mafuta pungufu na kostiki iliyozidi, na sabuni hiyo huchuna ngozi. Nunueni mizani, hata kama ni ya kikundi kizima. Ni bora kuliko kununua asidi.

SABUNI YA KILO MOJA YA MAFUTA

Mahitaji

Mawese gramu 400
Mafuta ya nazi gramu 250
Mafuta ya alizeti gramu 330
Asidi steariki gramu 20
Kostiki soda gramu 141
Maji safi, ya mvua yakipatikana, gramu 300

Vyombo ni mizani, kipima joto, ndoo mbili za plastiki ngumu isiyolainika kwa joto au vyombo vya chuma cha pua, kijiko kirefu cha chuma cha pua, na kasha la kumiminia lililotandikwa karatasi ya nailoni. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu. Unaweza kuyeyushia mafuta humo, lakini kostiki isiguse aluminiamu kamwe, kwani huila na kutoa hewa inayoweza kulipuka moto. Mwiko wa mti nao huliwa taratibu.

Namna ya kutengeneza

1. Vaa glavu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu. Fanyia kazi nje au penye madirisha wazi.

2. Pima maji kwanza, kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki, maana yatachemka na kukurukia. Maji hayo huweza kufikia karibu nyuzi 90. Yaweke mahali salama yapoe hadi nyuzi 50 hivi.

3. Weka mawese, nazi na asidi steariki katika sufuria juu ya moto mdogo. Koroga mpaka usione punje hata moja. Ongeza alizeti, kisha hamishia mafuta katika ndoo na uyaache yafike nyuzi 60.

4. Weka kasha tayari karibu nawe. Kama unatia rangi, ikoroge sasa ndani ya mafuta. Ukianza hatua inayofuata hutakuwa na nafasi ya kutafuta kitu.

5. Mimina maji ya kostiki polepole ndani ya mafuta huku ukikoroga mfululizo. Uji ukianza kuwa mzito hata ukidondosha kidogo juu yake mstari unabaki, mimina mara moja katika kasha. Mafuta ya karafuu yanajulikana kwa kuharakisha uji na huwasha ngozi. Usiyatie pamoja na asidi steariki.

6. Acha kasha saa 24 mahali ambapo watoto hawafiki. Kata ukiwa bado umevaa glavu. Utapata vipande 14 hivi vya gramu 100.

7. Panga vipande juu ya chanja lenye hewa, visigusane, kwa wiki nne hadi sita. Maji hutoka na sabuni hukaza.

Ukiona punje nyeupe ndani ya sabuni, huenda ni asidi iliyoganda, nayo haina dhara. Lakini huenda pia ni kostiki isiyoyeyuka, nayo huunguza. Ukiwa na shaka, usiiuze wala usiitumie.

JE, INAWEZEKANA BILA KUNUNUA?

Inawezekana, na kwa akina mama wengi hii ndiyo njia bora. Nenda kwa mwenye bucha umwombe shahamu ya ng'ombe, hasa ile inayozunguka figo, kwa maana ndiyo ngumu kuliko zote. Ikatekate, ichemshe taratibu pamoja na maji na chumvi kidogo, ichuje kwa kitambaa, uiache igande. Asubuhi utaondoa kibamba cheupe juu ya maji. Ikiwa bado inanuka, rudia.

Karibu sehemu moja katika tano ya shahamu ya ng'ombe ni asidi steariki. Ukiweka gramu 400 za shahamu mahali pa mawese, tayari umeweka gramu 80 hivi za asidi steariki, mara nne ya zile gramu 20 za dukani. Na kwa kuwa imefungwa na glisirini, haishikani ghafla na haiachi punje nyeupe. Tumia shahamu gramu 400, nazi gramu 250 na alizeti gramu 350. Kostiki ni ileile gramu 141 na maji gramu 300. Hapa joto la nyuzi 45 latosha, nawe unapata muda wa kukoroga bila wasiwasi.

Asiyetaka shahamu asikate tamaa. Mawese yana asidi steariki kidogo, lakini karibu nusu yake ni asidi palmitiki, ambayo nayo hudumisha sabuni. Wanaotumia mawese ya kutosha na kuivumilia sabuni kwa wiki sita, mara nyingi hawaoni haja ya kuongeza kitu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo ya mafuta, kilichoyeyushwa katika maji kabla ya kutia kostiki, husaidia sabuni kutoka kwenye kasha mapema. Na kisahani chenye matundu huongeza maisha ya sabuni yoyote ile.

Asidi steariki ya dukani basi ni ya nani? Ni ya yule ambaye mafuta yake ni laini na hana mengine, au anayetaka povu zito la sabuni ya kunyolea. Kwake gramu 20 zilizohesabiwa vizuri ni msaada wa kweli.

KOSTIKI NA WATOTO WETU

Ndugu msomaji, sabuni mbaya ni hasara ya fedha, lakini kostiki iliyoachwa ovyo huweza kuharibu maisha. Maji ya kostiki hayana rangi, yanafanana na maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hatauliza. Akimeza, huungua koo na njia ya chakula, na makovu yake huweza kumfuata miaka yote.

Usiweke kostiki wala maji yake katika chupa ya soda, ya juisi au ya maji, hata kwa dakika moja. Iweke katika chombo chake chenye kifuniko cha kukaza, kilichoandikwa SUMU, ndani ya kabati lenye kufuli. Kukifunika vizuri pia huilinda na unyevu wa hewa unaoipunguzia nguvu. Siku ya kutengeneza sabuni, watoto wapelekwe kwa jirani au kwa bibi.

Ikirukia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Usipake siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtoto akimeza, msuuze mdomo, usimtapishe, kwa sababu itamuunguza mara ya pili inapopanda. Mkimbize hospitali, na uchukue chombo cha kostiki uwaonyeshe wahudumu.

KABLA YA KUUZA

Mwambie mteja ukweli wa kilichomo. Wapo wasiotumia mafuta ya wanyama, na wapo ambao dini yao huwataka wajue mnyama huyo ni yupi. Asidi steariki yenyewe huweza kutoka katika mawese au katika shahamu, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujanunua. Andika katika karatasi ya kufungia aina za mafuta, uzito na tarehe. Ukihitaji mafunzo, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, zipo mikoani Tanzania. Na masharti ya ubora yanatolewa na TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya.

Mwisho, weka daftari. Kila unapotengeneza, andika mafuta uliyotumia, joto, na siku ulipokata. Chukua kipande kimoja ukitumie nyumbani kama mteja anavyokitumia, uhesabu kimekaa siku ngapi. Fanya hivyo kwa sabuni yenye asidi steariki, na kwa ile yenye shahamu au mawese peke yake. Kisha gawanya gharama ya kila kipande kwa siku kilizodumu. Hapo utajua, kwa hesabu yako mwenyewe, kama ule unga mweupe unastahili fedha yako.